Nakhumicha, Fundi wa Friji wa Kimbo

Nakhumicha alikuwa na ovaroli moja ya bluu iliyopauka, na juu ya mfuko wa kifuani lilikuwa limeshonwa jina la mwanamume: Sifuna. Huyo Sifuna alikuwa fundi wa kiwanda kimoja cha nguo kule Thika aliyeacha kazi kabla yake, na kiwanda hakikuona haja ya kupoteza uzi kumshonea mwanamke jina lake mwenyewe. Kwa hivyo alifanya kazi miaka kumi na sita ndani ya jina la mtu mwingine. Alipohamia hapa Kimbo, Ruiru, akafungua kibanda chake karibu na steji ya matatu, watu walikuwa wanafika, wanamsoma kifua, kisha wanauliza, "Sifuna ako wapi? Tunataka fundi."

"Fundi ni mimi."

"La, mama, mwenyewe. Mzee wa kazi."

Nimeyasikia maneno hayo zaidi ya mara ishirini, kwa sababu meza yangu ya mboga ilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala naye. Kila mara yaliniudhi. Mtu amebeba pasi iliyoungua kutoka Githurai, amefika kwa fundi, halafu anakataa kumpa pasi kwa sababu fundi amevaa kitambaa kichwani. Anarudi nayo nyumbani, nguo zikae na makunyanzi. Mimi ni Wamboi, hapa wananiita Mama Shiru, na sina subira na upumbavu. Ndivyo nilivyokuwa nikijisifu siku hizo. Nayaandika haya nikiwa bado na hasira, na mtu ninayemkasirikia kuliko wote mtamjua kabla sijafika mwisho.

Alizaliwa upande wa Kimilili. Alikuja Thika mwaka wa sabini na tisa kukaa kwa dada yake, akaajiriwa kiwandani kufagia vumbi la pamba. Alipangiwa chumba cha mitambo ya hewa. Mimi nilidhani kiwanda cha nguo kinataka tu sindano na kelele. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba hewa ikiwa kavu na ya joto uzi unakatika ovyo, kwa hiyo kuna mashine kubwa za kupoza hewa na kuitia unyevu, na mashine hizo zina ubao wenye taa ndogo ndogo. Taa ikianza kupepesa, kuna jambo. Mafundi wa wakati huo, aliniambia, walikuwa wakiona taa inapepesa wanaigonga kwa mpini wa bisibisi. Isiponyamaza, wanabandika plasta juu yake ili isiwasumbue macho.

Nakhumicha alichukua daftari la shule akaanza kuandika. Saa ngapi, taa gani, imepepesa kwa muda gani, na baada ya hapo nini kiliharibika. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa anafagia, anasimama, anaandika, anafagia. Ulipoisha mwaka aliweza kumwambia injinia kwamba pampu ya pili itasimama kabla ya chakula cha mchana, na ikasimama. Ndipo wakampa ovaroli ya Sifuna. Mshahara ulibaki ule wa mfagiaji kwa miaka minne. Vijana wanaume aliowafundisha kusoma ule ubao walipandishwa vyeo mmoja baada ya mwingine, na walipofika juu wakaanza kumtuma chai.

Mwaka wa tisini na sita mitumba ilikuwa imejaa kila soko na kiwanda kikapunguza watu. Alimwaga unga pamoja na wengine wengi. Bwana yake alikuwa amesharudi magharibi akaoa mwingine huko, kwa hivyo alibaki na binti yake Lynn aliyekuwa sekondari, lile daftari lililojaa, na ufundi wake. Alichukua chumba katika plot yetu ya vyumba vya kupanga, chumba cha saba. Akaandika kibao kwa rangi nyekundu: FUNDI WA FRIJI, PASI NA HITA. Kibao hicho na jina lake ndivyo vilivyokuwa mali yake yote. Fundi asiye na duka la vipuri wala pikipiki anaishi kwa kusemwa vizuri, na akisemwa vibaya siku mbili tu, Lynn harudi shuleni.

Na alikuwa mkali. Msidhani nawaletea mama mpole wa kuonewa huruma. Alikuwa anakuuliza swali moja, ukijibu ovyo anakufukuza. "Taa inawaka ama inapepesa?" Ukisema, "Yaani, inafanya tu hivi hivi," anakwambia rudi nyumbani ukaangalie vizuri, uje na jibu. Wateja walichukia hilo. Mimi nililipenda, mpaka liliponifika.

Mwaka wa tisini na nane, baada ya ile mvua kubwa ya El Nino, nilipata friji. Mzungu mmoja wa mashamba ya kahawa alikuwa anahama, akauza vyombo vyake getini, na mume wangu Mukonyo, dereva wa lori la mchanga, akaileta imelala juu ya mchanga. Ilikuwa friji ya pekee katika plot ya vyumba kumi. Niliiweka sebuleni mahali ambapo mtu akifungua mlango lazima aione, nikaisukuma nyuma mpaka ikagusa ukuta, na juu yake nikatandika kitambaa nilichokifuma mwenyewe, cheupe chenye maua ya machungwa, kirefu cha kushuka mbele na nyuma. Kina mama wenzangu wanajua ninachosema. Kwetu kiti kina kitambaa, redio ina kitambaa, na friji bila kitambaa ni kama mtu ametoka bafuni.

Jirani zangu wa chumba cha pili walikuwa Zainab, ambaye tulimwita Mama Ikhlas, na mumewe Salehe. Salehe alikuwa mchinjaji wa bucha za pale steji, mtu mtaratibu, na alikuwa na kisukari cha kudungwa sindano asubuhi na jioni. Kabla sijapata friji, Zainab alikuwa akipeleka dawa kwa jamaa yao mwenye friji Ruiru mjini, anaenda na kurudi kila siku. Sasa vichupa viliingia kwangu, ndani ya mkebe wa kakao, kwenye rafu ya mlangoni. Zainab alikuwa anabisha asubuhi, anachukua, na jioni anarudisha. Aliniita dada. Nilipenda sana kuitwa hivyo, siwezi kusema uongo.

Friji ilikuja na kisanduku chake cha kuilinda, wanaita gadi. Kinachomekwa ukutani kwanza, halafu friji inachomekwa kwake. Kina taa tatu. Kijani ni stima inapita. Nyekundu ni stima mbaya. Ya njano inapepesa tu. Kwa wiki tatu niliona kijani. Halafu, siku ya Jumatatu, njano ikaanza kupepesa, pepe pepe pepe, friji imenyamaza kimya, na ilipowaka tena ilinguruma kidogo tu ikazima. Na Jumapili ya wiki hiyo chama kilikuwa kinakuja kwangu.

Niwaeleze hilo la chama. Tulikuwa wanawake kumi na wanne, kila mwezi tunakutana kwa mmoja wetu. Unapopokea wenzako unatazamwa kuanzia pazia mpaka choo. Mwaka mzima nilikuwa nimekunywa soda za moto kwenye nyumba za watu, na mwezi huo ulikuwa wangu, na mimi ndiye peke yangu mwenye friji. Nilikuwa nimewaambia wote. Nilishasema kwa mdomo wangu kwamba kwangu watakunywa soda mpaka meno yaume.

Nikamwita Nakhumicha Alhamisi. Alikuja na daftari, hakuja na mfuko wa vipuri, na hapo tayari imani yangu ilipungua kidogo. Alikitoa kitambaa changu akakikunja, akakiweka kitini. Akaivuta friji kutoka ukutani, hatua nzima, ikasimama katikati ya sebule yangu kama mgeni asiyejua pa kukaa. Akaomba kigoda. Akakaa. Alikaa tangu saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana akiangalia zile taa na kuandika.

"Mama Lynn, si ufungue?" nilimwambia.

"Nifungue nini?"

"Mashine. Uone kimeharibika nini."

"Hakuna kimeharibika. Ngoja."

Saa saba alisimama akaniita, akanionyesha daftari. "Taa nyekundu imeshika saa tatu, saa nne na nusu, saa sita. Sikiza nje. Unasikia hiyo?" Nilisikia mashine ya kusaga unga ya pale kona na yule mtu wa kuchomelea mageti. "Wakianza kazi, stima ya laini yenu inaanguka. Gadi inaona, inakata, ndio mota ya friji isiungue. Stima ikirudi sawa, njano inapepesa dakika kama tano. Hapo inangojea mota ipumzike. Ikimaliza inaenda kijani yenyewe. Lakini wewe, nimekuona, ikipepesa unafanya nini?"

"Nazima swichi nawasha tena. Labda itashika."

"Ukizima, inaanza kuhesabu upya. Ukizima mara kumi, umeinyima friji saa nzima. Kosa la kwanza hilo. La pili, kitambaa kimefunika nyuma, na ukuta umeifinya, joto haitoki. Acha hapa nilipoiweka. Tatu, hii namba." Akafungua mlango akanionyesha kile kigurudumu cha baridi. "Iko tatu. Isiguswe. Baridi ikizidi, dawa ya Mzee Salehe itaganda, na ikiganda inakufa. Hata ikiyeyuka imekufa. Umeskia, Mama Shiru?"

"Nimeskia."

"Rudia."

Alinifanya nirudie kama mtoto wa darasa la kwanza, ndani ya nyumba yangu. Nikarudia. Akafunga daftari akaenda zake. Nilibaki nimesimama katikati ya sebule na ile friji, na nilikuwa nimekasirika kweli. Fundi amekaa kwangu saa tano, hajafungua hata skrubu moja. Hajabadilisha kitu. Hajanionyesha waya ulioungua niwaonyeshe wengine. Kwetu fundi akitoka bila kutoa kitu kilichooza ndani ya mashine, unaona umeibiwa. Tunataka kuona uchafu. Tungependa daktari naye atupe jino mkononi hata kama kilichokuwa kinauma ni sikio.

Basi alipotoka tu niliisukuma friji mahali pake nikatandika kitambaa.

Ijumaa ilipepesa. Nikangoja dakika moja, mbili, nikazima nikawasha. Jumamosi ikapepesa, nikazima nikawasha, nikazima nikawasha, maziwa yakaganda kuwa mtindi, soda zimepangwa pale ndani zikiwa vuguvugu kama chai ya asubuhi iliyosahaulika. Nilizihamisha soda zikae mlangoni zionekane, na mkebe wa Salehe nikauweka rafu ya juu kabisa, chini ya kile kisanduku cha barafu. Jumapili asubuhi, wakati plot nzima iko kanisani, na Nakhumicha naye yuko kwa kanisa lake la Marafiki, na Zainab ameenda gulio, nilimwita Muthoka.

Muthoka ni fundi wa redio. Alikuwa na mfuko wa ngozi uliojaa vyuma na bisibisi nyuma ya sikio. Hakukaa hata dakika kumi. Alitazama taa ya njano, akacheka.

"Ni nani alikuambia mambo ya kungoja?"

"Mama Lynn."

"Huyo alikuwa anafagia kiwanda, mama. Hii kitu ndio inanyima friji stima. Angalia." Akachomoa gadi, akachomeka friji moja kwa moja ukutani. Friji ikanguruma vizuri, bila kukatika. Hakuna taa iliyopepesa kwa sababu hakukuwa na taa tena. "Imepona. Sasa hii gadi weka kwa droo, ama uuze."

"Na baridi itafika saa ngapi? Wageni wanakuja saa nane."

"Hiyo namba ni yako, mama. Ukitaka haraka peleka juu."

Hakuigusa yeye. Niliigeuza mimi, kwa mkono huu, kutoka tatu mpaka saba.

Saa nane soda zilikuwa baridi. Wenzangu walishika chupa wakazibandika mashavuni. Mmoja akasema, "Mama Shiru, wewe umetuacha mbali." Nilitabasamu mpaka jioni. Nilisahau kuirudisha namba, au labda sikusahau. Nilikuwa nimelewa sifa, na mtu aliyelewa hajiulizi.

Jumatatu asubuhi nilifungua friji kabla Zainab hajabisha. Maziwa yalikuwa jiwe. Nikafungua mkebe wa kakao. Kichupa kile kilichokuwa kinatumika kilikuwa kimeganda, cheupe ndani, na vile vingine viwili vivyo hivyo.

Hapa ndipo nataka mnitazame vizuri. Nilijua. Nilikuwa nimerudia maneno yale kwa mdomo wangu siku nne tu zilizopita. Lakini nilijiambia maji yakiganda na kuyeyuka yanabaki maji, kwa nini dawa isibaki dawa. Nilijiambia Nakhumicha anapenda kutisha watu. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Sikutaka Zainab aone nimeigandisha dawa ya mumewe kwa ajili ya soda. Nikavishika vile vichupa viganjani, nikavipuliza pumzi, nikaviweka chini ya leso mapajani mpaka vikayeyuka. Nikavipangusa. Nikairudisha namba mpaka tatu. Zainab alipobisha nikampa mkononi, nikamwambia, "Chukua, dada."

Salehe alidungwa kile kitu Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Jumanne alikuwa anakunywa maji kama ng'ombe na kwenda chooni kila baada ya muda mfupi. Jumatano alitapika, akalala mchana, na Zainab alipomwamsha alimwita kwa jina la dada yake aliyekufa. Walimkimbiza hospitali Thika kwa gari la bucha. Alhamisi mchana Zainab alirudi kuchukua nguo, macho yamevimba, akasema sista ameuliza dawa ilikuwa inakaa wapi, maana ile dawa haina nguvu hata kidogo, ni kama wamekuwa wakimdunga maji.

Watu wa plot walikuwa wamejaa uani. Mwenye chumba cha tisa, mtu anayependa kuuliza mambo, aliniuliza, "Hii friji ilishikwa na nani juzi?"

Nikasema, "Fundi."

"Fundi gani?"

Na hapo nikanyamaza. Sikumtaja Nakhumicha. Sikuhitaji kumtaja. Walikuwa wamemwona Alhamisi ya wiki iliyotangulia akiivuta friji, mlango uko wazi, amekaa saa tano. Muthoka hakuna aliyemwona. "Si ni huyo mama wa saba," mmoja akasema. "Nilijua," mwingine akasema, "mwanamke na friji wapi na wapi." Mwingine akaongeza kwamba alisikia alifukuzwa kiwandani kwa kuharibu mashine. Sijui alisikia wapi, maana hadithi yenyewe ilizaliwa pale pale, nikiitazama ikizaliwa.

Wakaenda steji. Mimi niliwafuata mpaka kwenye meza yangu ya mboga, nikasimama nyuma ya sukuma wiki, nikaangalia. Walimwita muuaji mbele ya watu wote wa matatu. Yule wa chumba cha tisa alikitoa kibao, akakivunja kwa goti mara mbili. Nakhumicha hakulia wala hakuomba. Aliuliza jambo moja tu, kwa sauti kubwa: "Gadi ilikuwa inaonyesha taa gani?" Wakamcheka. Hakuna aliyejua gadi ni nini, isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa nachambua mboga ambazo zilishachambuliwa.

Siku tatu. Nilinyamaza siku tatu. Watu walikuja kwa kibanda kuchukua pasi zao hata zile ambazo hazijatengenezwa. Mama mmoja alimnyang'anya redio mkononi ikiwa imefunguliwa, skrubu zikaanguka matopeni. Mwenye plot akatuma neno kwamba mwisho wa mwezi ahame. Lynn alifika nyumbani Ijumaa, mapumziko ya katikati ya muhula, akakuta mlango wao umeandikwa matusi kwa makaa. Nilimwona akifuta kwa maji na sabuni, ovaroli ya mamake imetundikwa kwenye kamba juu yake. Mimi nilikuwa napika na chumvi ikanishinda kuipima.

Na mimi, katika siku hizo tatu, nilimkasirikia nani? Nilimkasirikia Nakhumicha. Ndiyo. Nilikasirika kwamba alikuwa amenieleza vizuri kiasi kile. Angenieleza ovyo kama mafundi wengine ningekuwa na pa kujificha.

Jumapili mchana alikuja kwangu. Hakubisha. Alisimama mbele ya friji, akainua kitambaa, akatazama ukutani ambapo gadi haikuwepo. Akafungua mlango, akaona mkebe uko rafu ya juu, maana sikuwa nimeuhamisha. Akapitisha kidole ndani ya kisanduku cha barafu, barafu nene ya vidole vinne, akaitazama namba. Nilikuwa nimekaa kitini.

"Alikuja nani?"

"Muthoka."

"Lini?"

"Jumapili iliyopita. Ikanguruma mara moja, Mama Lynn. Ilishika mara moja tu."

"Jumapili mashine ya kusaga imefungwa na wa mageti analala. Stima iko sawa siku nzima. Hata ungeacha gadi yako hapo, ingeshika." Alisema polepole, akiufunga mlango wa friji. "Namba aligeuza yeye?"

"La. Ni mimi."

"Na ikaganda."

"Ikaganda."

Nilidhani atanipiga. Ningefurahi. Nikamwambia, "Waambie. Enda uwaambie sasa hivi, sitakataa."

"Mimi niwaambie?" Hapo ndipo sauti ilipanda. "Nikiwaambia mimi watasema natafuta wa kumbebesha. Miaka kumi na saba, Mama Shiru, nikisema taa inapepesa wanaangalia nani amesimama nyuma yangu ndio waamini. Sitaki kusimama hapo tena. Mdomo ni wako. Ulirudia maneno yangu mara ya kwanza, kayarudie tena."

Akatoka.

Jioni watu wote wako kwenye mfereji, lile bomba la uani, maji ya Ruiru huja jioni. Ndoo zilikuwa zimepangwa foleni ndefu. Nakhumicha alikuwa mwisho wa foleni, peke yake, watu wameacha nafasi kati ya ndoo zao na zake. Zainab alikuwa amerudi kutoka Thika, akawa anaeleza kwamba Salehe amefungua macho, amejua jina lake, ameomba uji. Watu walikuwa wanamshukuru Mungu. Nikaingia katikati yao nikasema yote. Sikuzunguka. Nilisema soda, nikasema Muthoka, nikasema namba saba, nikasema nilionywa na nikalirudia onyo lenyewe kwa mdomo wangu, na kwamba huyu mama mliyemvunjia kibao hakugusa kitu ila kunifundisha.

Maji yakawa yanamwagika kwenye ndoo iliyojaa. Halafu mwenye chumba cha tisa akakuna kichwa. "Sasa, Mama Shiru, mtu angejuaje? Pole sana. Hiyo ni bahati mbaya."

"Si bahati mbaya."

"Ni shetani tu," mama mwingine akasema, akanishika bega. "Pole. Umeteseka na hiyo kitu rohoni."

Nikautoa mkono wake begani. "Huyu mlimwita muuaji. Mbele ya watu wote wa matatu. Mimi mnanipa pole?"

"Yeye ni fundi, anafaa kujua kazi yake," akanijibu yule wa tisa, bila haya, ilhali nimemaliza kumweleza kwamba aliijua kazi yake. "Wewe ni mama wa nyumba tu. Usijilaumu." Akainama akafunga mfereji, akabeba ndoo yake. Hakumtazama Nakhumicha. Hakuna aliyemtazama. Kibao hakikutajwa, wala ilani ya kuhama, wala yale maneno ya makaa mlangoni.

Zainab peke yake ndiye aliyenikaribia. Alikuwa na leso imefungwa kiunoni na nguo za hospitali mkononi.

"Ulifungua mkebe asubuhi ile?"

"Nilifungua."

"Ukaona imeganda."

"Niliona."

"Ukaiyeyusha, ukanipatia mkononi. Ukaniita dada."

"Nikakuita dada."

Alinitazama kama nilivyostahili. Kisha akanipita. Alienda mpaka mwisho wa foleni, akainua moja ya ndoo za Nakhumicha, tupu, akaileta mbele ya ndoo za watu wote akaiweka chini ya mfereji. Ilipojaa aliibeba yeye mwenyewe, akamwambia, "Mama Lynn, twende. Sista amesema dawa inayotumika inaweza kukaa nje ya friji, kwa mtungi, mahali pa baridi. Nataka unionyeshe pa kuuweka."

Wakaondoka pamoja kuelekea vyumbani, ovaroli ya bluu na buibui jeusi, maji yakiruka kutoka kwenye ndoo.

Mimi nilibaki pale mferejini na majirani zangu. Walinizunguka, wakanishika mikono, wakaniambia pole, nisijali, nimekuwa mkweli, ni wachache wangesema. Mmoja akanijazia ndoo yangu bila kungoja zamu. Nilisimama nikingoja hata mtu mmoja anitukane, na hakuna aliyenitukana.